Nyumba ya Mate

Kondo alikufa, na jua likagoma kushuka. Lilisimama palepale juu ya mtaa wa wahunzi, likachoma, na watu wakasema limegoma kwa sababu ndani ya nyumba kuna maiti ambayo haijatukanwa. Siwacheki. Mji ule ulikuwa umeishi na mambo yasiyo na maelezo kwa muda mrefu kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote, na jua kugoma halikuwa jambo kubwa kuliko mengine. Kilichowakera ni kwamba safari hii kizuizi hakikutoka juu. Kilitoka Barazani, kwa watu wenye makoti na ofisi zenye feni.

Niseme mapema jinsi walivyozikana, msije mkadhani napenda matusi. Katika mji ule mhunzi hazikwi na wahunzi wenzake peke yao. Lazima aje mtani wake, na mtani wa mhunzi ni mpika chumvi. Mpika chumvi husimama mbele ya jeneza akamtangazia maiti ubahili wake, ulafi wake, na jinsi alivyomwogopa mkewe. Huingia kaburini akalala, akadai chumba ni chake. Huketi njiani mbele ya wabebaji mpaka aliyefiwa, macho bado yamevimba, apasuke kwa kicheko. Kisha aliyefiwa humrudishia tusi moja zito mbele ya watu wote, wakawa sawa, na udongo ukakubali. Akifa mpika chumvi, mhunzi naye huenda kufanya hivyohivyo. Nani alianzisha? Hakuna aliyejua, na hakuna aliyeona sababu ya kujua. Walizikana vizuri, wakarudi nyumbani, wakala.

Ndipo Baraza likaja na Nyumba ya Mate. Baraza lilisema kwamba mtu asiyejua babu zake walifanya kazi gani ni mtu anayetembea na mzigo asiojua una nini, na hiyo ni hatari kwa wengine. Kwa hiyo kila mmoja aende akateme kwenye kichupa, wapimaji wasome vinasaba vyake, na kupitia kidirisha kidogo akabidhiwe chombo cha kazi ya babu zake, akibebe popote aendapo. Watu walikwenda. Watu huenda siku zote. Mwalimu wa hesabu alitoka na kisu cha ngariba, na tangu siku hiyo wavulana walijifunza kugawanya huku wamebana mapaja. Mama aliyekuwa akiuza maua ya harusi alitoka na sepetu ya mchimba makaburi, na hakuna bibi harusi aliyemkaribia tena. Wote walisema wamefurahi kujijua. Ukiwatazama walivyoinama chini ya vyuma vyao, utasema furaha gani hiyo.

Na makaburi nayo yaligawanywa kwa kazi. Hakuna kuzika mpaka kazi ya ukoo ijulikane. Maiti hana mate ya kutema, kwa hiyo huenda ndugu wa karibu. Kondo alikuwa na dada mmoja tu, Zamoyoni, mwanamke wa makamo mwenye ulimi uliojulikana mitaa yote. Na kwa kuwa Baraza halikuamini chochote kisichopimwa, mtani naye alitakiwa kutema, ili ithibitike kwamba ni mtani kweli. Basi wakatoka pamoja, Zamoyoni na Feruzi mpika chumvi, kwenda kuutafutia mwili wa Kondo ruhusa ya kuingia ardhini.

"Mke wangu," Feruzi alianza utani wake hata kabla hawajaipita kona, "ndugu yako kafa, na bado hujanawa masizi? Au unaomboleza kwa kutumia makaa?"

"Masizi yananawika, Feruzi. Huo uvundo wa ukoo wako mnaunawa na nini?"

"Tunauacha. Ndio unaozuia wahunzi wasije kuomba chakula."

Foleni ya Nyumba ya Mate ilikuwa imefika mpaka hapo konani, na waliokuwamo walicheka, na Zamoyoni alicheka nao, na kifua kikampungua uzito. Feruzi alikuwa akimtukana tangu wote wawili wanatambaa. Siku ya harusi ya Zamoyoni alikwenda kukalia kiti cha bwana harusi, akagoma kuondoka. Na Zamoyoni alipozaa mtoto wake wa pekee, mtoto akafa kabla hajapewa jina, watu wote waliingia chumbani wakinong'ona, wakimwambia ni mapenzi ya Mungu, naye alikuwa ameganda, hali, halii. Feruzi aliingia bila kupiga hodi. Alikiangalia kile kifurushi kilichoviringwa shuka, akasema, "Hiki kitoto ni kitoro. Kimemwona mama yake alivyo mchafu, kikarudi kilikotoka." Zamoyoni alicheka kicheko kibaya, cha kuvunjika, na kutoka kwenye kicheko hicho ndipo machozi yalipopata njia. Asingekuja yule mtu, angemfuata mtoto wake. Alilijua hilo, ingawa hakuwahi kumwambia, maana mtani haambiwi asante.

Foleni ile ilikuwa na tabia zake. Mwanamke aliyekuwa mbele yao alikuwa mjamzito walipojiunga. Walipokaribia mlango alikuwa akigombana na binti aliyekuwa tumboni, sasa msichana mzima, juu ya nani aliyeanza kushika nafasi. Mtu akitoka kwenda kunywa maji, aliyerudi alikuwa na sura yake lakini sauti ya mwingine, na hakuna aliyeuliza. Feruzi nywele zilianza kumtoka mvi akiwa katikati ya sentensi. Zamoyoni alijaribu kukumbuka amekuja kumwombea nani ruhusa, kaka au baba, au baba wa baba, na kila sura aliyoivuta ilikuja na jasho lilelile na mkono uleule umenyanyuliwa.

Kwenye kidirisha ulionekana mdomo tu. Huyo ndiye Msomaji wa vinasaba. Zamoyoni alitema, kichupa kikachukuliwa, kidirisha kikafungwa, na wakati akingoja mkono wake wa kulia ukaanza kuwa mzito.

Haukuwa mkono wake. Ulikuwa mpana, na vidole viwili vilikuwa na makovu ya moto. Mbele yake palikuwa na gogo, na juu ya gogo palikuwa na kitu chembamba chenye ngozi, kinatetemeka. Nini hiki? Usitazame. Ukitazama utakosea kupiga. Piga chuma, usipige mfupa. Bwana hataki mifupa iliyovunjika. Ni nani huyu anayesema? Ni mimi. Mimi nani? Mwenye nyundo. Na huyo mwingine je? Huyo hasemi. Mbona hasemi? Kwa sababu mimi ndiye ninayepiga, na kelele ni nyingi.

Kidirisha kilifunguka, nyundo ikatolewa. Zamoyoni alishusha pumzi kwa nguvu. Mhunzi! Si wote walijua? Aliinyanyua juu ili foleni nzima ione.

"Subiri," mdomo ulisema. "Bado hatujamaliza."

Mkono ulitoka tena, ukaweka mbele yake pingu ya mguu, nzito, ambayo haijafungwa.

"Hiki ndicho walichotengeneza. Ukoo wako haukufua jembe hata siku moja. Kisu pia hapana. Walifua hizi tu, na kuzifunga."

Zamoyoni aliishusha nyundo. Feruzi alikuwa ameshatema na yeye. Kidirisha kikamtolea pingu ileile, ukubwa uleule, ila hii ilikuwa imefungwa, na ndani yake chuma kilikuwa kimelainika kwa kusuguliwa na ngozi.

"Hii ya kazi gani?" Feruzi aliuliza. Bado alikuwa na tabasamu la foleni usoni, alikuwa amelisahau pale.

"Si ya kazi. Ni aliyoivaa."

"Sisi tunapika chumvi."

"Walipika. Lakini sufuria haikuwa yao, kwa hiyo hatuwezi kukupa sufuria. Pingu ndiyo iliyokuwa yao. Anayefuata."

"Ngoja kidogo," Zamoyoni alisema. "Huyu ni mtani wangu. Andikeni hivyo, tumzike ndugu yangu."

"Utani haumo kwenye damu," mdomo ulijibu, bila hasira, na hilo ndilo lililoudhi. "Tumetafuta, hatukuuona. Mzikeni upande wa wahunzi wa pingu. Mkitaka kutukanana, tukananeni, Baraza halikatazi. Lakini mjue kwamba mtakuwa mmetukanana."

Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu nina hasira na mdomo ule, na hasira isiposemwa inaharibu hadithi. Wapimaji wanajua kusoma mtu alifungwa na nani. Hawajui kusoma kilichofanyika baada ya kufunguliwa. Siku moja, siku ambayo haikuacha alama kwenye damu ya yeyote, mtu mwenye nyundo na mtu mwenye kovu mguuni walijikuta wanachota maji kisima kimoja, na hakuna aliyekuwa na mahali pengine pa kwenda. Wangeweza kuuana. Badala yake mmoja alimtukana mwenzake, na mwenzake akarudisha, na kwa sababu nisizozijua wakacheka. Wakakubaliana watukanane hivyo mpaka kile kitu kiishe, na watoto wasiambiwe ni kitu gani. Walifukia kwa makusudi. Baraza limefukua bila kujiuliza waliofukia walikuwa na akili gani. Lakini hasira yangu nayo ina tundu, na Feruzi alilitia kidole baadaye, kama mtakavyosikia.

Walirudi. Zamoyoni alibeba nyundo na pingu iliyo wazi, Feruzi alibeba iliyofungwa. Zamoyoni alingoja amsikie akisema lolote, hata la kipuuzi, juu ya miguu yake iliyopinda au kanga yake iliyopauka. Walipofika njia panda ya kwenda mtaa wa chumvi, Feruzi alisimama. Alikunja mikono mbele, akainamisha kichwa kwa huyu mwanamke waliyezaliwa naye mwaka mmoja.

"Shikamoo, bibi," alisema.

"Marahaba," Zamoyoni alijibu.

Lilimtoka lenyewe. Ni nani kati yetu anayeweza kuisikia ile salamu ulimi ukabaki umetulia? Tunafundishwa kuijibu kabla hatujafundishwa kuvaa. Alitaka kulidaka lile neno, kulirudisha kinywani, kulimeza. Lilikuwa limeshamfikia. Feruzi alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyekuwa na shaka ndogo na sasa hana, akakata kona akaenda zake.

Nyumbani Bi Mashavu, shangazi mkubwa wa wahunzi wote, alikuwa amekaa mlangoni akifukuza nzi.

"Feruzi yuko wapi?"

"Haji."

"Haji vipi? Nani atamsema Kondo?"

"Shangazi, tuzike tu. Ruhusa ipo."

Walijaribu. Wanaume sita walishika jeneza, na jeneza halikunyanyuka. Waliongezeka, wakalisukuma, wakaweka magogo ya kuviringisha chini yake, mmoja akashtuka kiuno. Huko makaburini wachimbaji walituma habari kwamba kaburi halichimbiki. Kila wakitoa udongo, udongo unarudi. Jua lilikuwa palepale. Harufu ilianza kutoka chumbani, kidogo kwanza, kisha watu wakawa wanaongea huku wamegeuza nyuso pembeni. Bi Mashavu alimwangalia Zamoyoni bila huruma hata chembe.

"Ndugu yako anaoza kwa sababu ya adabu zenu," alisema. "Nenda kamlete mtu wake."

Feruzi alikuwa nje ya kibanda chake, mbele ya masufuria ya chumvi ambayo moto wake umezimwa. Pingu ilikuwa mapajani mwake. Alipomwona Zamoyoni alisimama haraka, akalifuta benchi kwa shati lake mwenyewe.

"Karibu, bibi. Kaa. Samahani, pachafu."

"Feruzi, nakuomba usinifanyie hivyo."

"Nikufanyieje?"

"Kama siku zote."

"Siku zote nilikuwa sijui." Hakukaa. Alisimama kando ya benchi, mikono nyuma. "Kondo anaendeleaje?"

"Ananuka. Hanyanyuki. Njoo umseme, tafadhali."

Ile "tafadhali" iliwaumiza wote wawili. Haikuwahi kupita kati yao.

"Nimekaa hapa nafikiri," Feruzi alisema. "Unakumbuka kitoto chako? Nilikuja nikakitukana. Kitoto kidogo kile. Nilivyotoka kwako nililia njia nzima, nilijua nimelia kwa uchungu wako. Sasa sijui. Sijui ni nani alikuwa anasema kwa mdomo wangu. Labda ni huyu." Aliinua pingu. "Labda alikuwa anafurahi. Labda alisema, mmoja wao amepungua."

"Ulikuwa wewe. Mimi nilikuwepo. Nilikuona."

"Uliniona! Na leo ulinijibu marahaba."

"Ilinitoka tu!"

"Najua ilikutoka. Ndiyo inayonitisha, hiyo iliyokutoka."

Zamoyoni alikalia benchi. Alisema walichokifanya wazee kilikuwa kizuri. Walisamehe, wakazika, na Baraza halikuwa na haki ya kufukua. Feruzi alimsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, na ile heshima ilikuwa ukuta.

"Nani alisema tusahau?" aliuliza. "Babu yako au wangu? Kwenye kisima pale, nani alitoa lile wazo? Maana mimi nikikuumiza halafu nikakuambia tucheke, ni rahisi kwangu."

Zamoyoni aliitazama ile pingu. Hakujua. Hakuna anayejua, na ndiyo maana sasa hivi niliwaambia hasira yangu ina tundu.

"Nikija leo," Feruzi alisema, "sitakuwa natania. Nitakuwa namaanisha."

"Basi maanisha. Lakini njoo."

Alikuja. Aliingia uani akiwa na pingu mkononi, watu wakampisha, na kwa muda walitabasamu, kwa mazoea, wakingoja. Alisimama mbele ya jeneza. Alianza na yale ya kawaida, kwamba Kondo alikuwa bahili mpaka kivuli chake alikikalia mwenyewe, na mtu mmoja nyuma akaguna kicheko. Kisha sauti ikabadilika.

"Kondo, ulikula nyumbani kwangu. Uliniita mwizi wa chumvi, tukacheka. Uliniita mtoto wa mnunuliwa, tukacheka. Nani alikufundisha hilo neno, Kondo? Mimi nilikuwa nalicheka! Nilicheka nikashika mbavu. Mngekuwa na haya, lingewaunguza midomo. Mlichukua mguu wa mtu mkaufunga, mkalipwa pishi ya mahindi, mkaenda kula na watoto wenu. Nyie si weusi wa masizi. Masizi nimeyasingizia miaka yote. Nyie ni watu wabaya. Mlikuwa wabaya, mkawa wasahaulifu, na usahaulifu wenu ulinenepa kwa kicheko changu. Na wewe, Zamoyoni." Aligeuka. "Wewe ndiye niliyempenda kuliko wote kwenye mtaa huu, na ukiniuliza leo kwa nini, siwezi kusema. Natapika kila nilichocheka nawe. Kitoto chako kilikuwa na bahati."

Hakuna aliyecheka. Mahali fulani kando ya ukuta kuku alikuwa akiparua mchanga. Wabebaji walijaribu jeneza, wakakaribia kuanguka, kwa sababu lilikuwa jepesi.

Walimpeleka Kondo upande wa wahunzi wa pingu. Kaburi lilikuwa limekubali, kina cha kutosha. Walimshusha, wakafukia, na juu ya vichwa vyao jua lilitikisika na kuanza kushuka, bila haraka, na vivuli vya watu vikatokea tena miguuni. Watu walishukuru kwa vivuli. Kilibaki kitu kimoja, na wote walimtazama Zamoyoni. Aliyetukanwa arudishe. Ndivyo wanavyokuwa sawa.

Alikuwa nayo matusi. Wala hakupungukiwa. Alilichukua la uvundo, alilokuwa amelitumia asubuhi, akalipindua, akaona limetoka wapi: uvundo wa watu waliolazwa wengi chumba kimoja. La uvivu, kwamba wapika chumvi hulala wakikoroga: limesemwa kwanza na mtu mwenye kiboko. La meno machache ya Feruzi. La mke wake aliyemkimbia. Kila alilolishika lilikuwa na mkono mpana ndani yake, wenye makovu ya moto. Alitafuta moja lake, alilolitunga mwenyewe, lisilo na babu. Alitafuta kwa dhati. Hakulipata.

"Jibu," Feruzi alisema.

Zamoyoni aliangalia udongo mbichi.

"Jibu, Zamoyoni. Nimesema yangu, sema yako. Niite chochote." Sauti ilikuwa imempanda, haikuwa na heshima tena, wala hasira. "Mke wangu, nijibu! Usiniache na maneno haya peke yangu. Niliyasema ili urudishe!"

Bi Mashavu alimsukuma Zamoyoni begani, naye hakusogea. Watu walianza kuondoka, kwanza wale wa mbali, kisha jirani, wakibeba vyuma vyao. Feruzi alibaki amesimama upande wa pili wa kaburi, akingoja, machozi yakimtoka bila kuyafuta. Na Zamoyoni, aliyekuwa amemtukana tangu utotoni bila kumkosea hata mara moja, alimkosea siku hiyo kwa kunyamaza.